Nimehesabu Upepo

Jua lilikuwa linazama nyuma ya fleti za Lewisville, huko ughaibuni, pale Ndeshi aliposhuka garini na sufuria ya Mama Pelagia mkononi. Kurudisha sufuria kilikuwa kisingizio tu. Alikuja kukiri.

Jumamosi, kwenye mdahalo wa vijana wa parokia, Mama Pelagia alisema hata yule mwanasayansi mkubwa wa nguvu ya mvutano aliandika miaka na miaka juu ya unabii wa Danieli kuhusu mwisho wa dunia. Kweli tupu. Ndeshi, bingwa wa midahalo chuoni Richardson, hakukubali kushindwa. Hasira ya kuona watu wazima wakiogopeshwa kwa mwisho wa dunia ikampanda. Akatunga.

"Kabla hajafa aliandika, 'Nimehesabu upepo.' Aliyakana yote, mama. Nenda uka-google."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Pelagia, aliyemfundisha Ndeshi kusali, hakucheka. Ndeshi alisikia kwamba tangu siku ile mama huyo hajasali tena.

Ngazi zilinuka mshumaa uliozimwa. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Ndeshi..."

Kwao, ukiitwa na usiyemwona giza likiingia, unangoja uitwe tena ndipo uitikie, kwani kisicho mtu huita mara moja tu. Ndeshi siku zote aliuita huo ushamba.

"Abee, mama."

Akasukuma mlango. Halafu kitu kikavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyepewa alichokuwa akikingojea.

Mama Pelagia alikuwa kwenye kochi, taa zimezimwa, macho kwenye mlango wa jikoni.

"Mbona umeitika?" akanong'ona. "Mimi sikukuita, mwanangu."

Sufuria ikamponyoka.

"Kimo humo tangu Jumamosi. Kinarudia maneno yako."

Jikoni, sauti kavu ikasema taratibu, "Nimehesabu upepo..."

Ikaendelea.

"...na upepo umenihesabu mimi."

Hiyo nusu ya pili Ndeshi aliitunga kichwani palepale mdahaloni, akaona imezidi, akaiacha. Hakumwambia mtu.

"Niambie kitu kimoja tu," Mama Pelagia akasema, akiinua rozari yake. "Ni kweli aliyasema? Nataka kujua kama nisali."

Ndeshi akafungua mdomo. Hapana, mama, nilitunga. Maneno yote yalikuwa kwenye ulimi. Sauti ndiyo haikuwepo.

Ilikuwa jikoni.

"Abee, mama," ikajibu, nyororo, ileile yake ya jukwaani. "Ni kweli. Aliyasema."

Ndeshi akatikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu, mpaka shingo ikauma. Lakini giza lilikuwa limeshajaa sebuleni, na kitu pekee alichosikia ni shanga za rozari aliyoiachia Mama Pelagia zikigusa sakafu, moja baada ya nyingine.