Mlinzi wa Mchana Tuliyempa Zamu ya Usiku

Kwetu kazi ni kufua. Mama ni dobi. Dada naye alikuwa dobi. Mimi ni wa kubeba. Asubuhi nachukua mashuka nyumba ya wageni, jioni nayarudisha yakiwa yamepigwa pasi. Hapo katikati huwa sikai nyumbani, ndiyo maana wananiita Kiguu na Njia.

Uani kwetu kuna kamba sita. Ikifika saa nne asubuhi zote zimejaa mashuka meupe, yanawaka kama vioo. Aliyekuwa anaanika ni Dada. Alikuwa mtu mwenye ualbino. Macho yake hayakuona mbali, lakini vidole vyake havikupitwa na kitu. Alikuwa akishika shuka anasema, "Hili limechanika pembeni. Kawaambie wenyewe mapema, wasije kusema sisi ndio tumelichana." Ukiangalia, kweli, kuna tundu dogo kama punje ya mchele.

Mdogo wetu wa mwisho naye ana ualbino. Wakati huo alikuwa na miaka minane. Tunamwita Bosi, maana tangu ajue kusema kazi yake ni kutuamrisha.

"Kiguu na Njia, lete beseni!"

"Sema tafadhali."

"Tafadhali, na upesi!"

Dada alicheka mpaka kibanio cha nguo kikamdondoka mdomoni.

Sisi tulijiona watu wa maana kwa jambo moja. Kliniki ya ngozi ilikuwa inagawa bure mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino. Wenzetu wengi walikuwa hawajui. Sisi tulijua, na mimi ndiye niliyekuwa nayafuata.

Siku ya kwanza foleni ilikuwa ndefu. Nikapewa mafuta. Muuguzi akaanza kutueleza sote kwa pamoja. "Yanapakwa kila siku," alisema. "Kila siku bila kukosa, mtu akishaoga…" Mimi nilikuwa na mzigo wa mashuka unanisubiri. Maneno mengine nilimwacha anayasema, nikawa nimeshafika getini.

Nyumbani Mama akauliza, "Wamesemaje?"

"Kila siku, ukishaoga."

"Basi?"

"Basi."

Sasa sikiliza. Nyumba ya dobi haiogi asubuhi. Ukioga alfajiri, saa mbili umeshalowa povu na jasho, umeoga bure. Sisi tunaoga jioni, kazi ikiisha. Kwa hiyo Dada na Bosi walioga jioni, wakapaka mafuta ya kukinga jua, wakalala. Mama alifurahi.

"Tena bora usiku," alisema. "Mchana jasho lingeyasomba yote. Usiku yanatulia, yanaingia vizuri."

Asubuhi walipaka mafuta ya mgando. Uso unang'aa, wanatoka kwenda juani. Tuliishi hivyo miaka mitatu.

Halafu kikaja kidonda, juu kabisa ya sikio la Dada. Kidogo tu. Kilifanya kigaga, kikabanduka, kikatoka damu, kikafanya kigaga tena.

"Ni vibanio hivyo," Mama alisema. "Unajikwaruza wakati wa kuanika."

Mama alifungua kidonge, akamwagia unga wake juu ya kidonda. Kikakauka. Baada ya wiki mbili kikarudi. Miezi ikapita tukiwa na vidonge vyetu na kigaga chetu. Siku Dada alipogusa uvimbe mgumu chini ya sikio, ndiyo tukaenda kliniki, wote wanne.

Muuguzi wa ngozi, yule yule wa siku ya foleni, alikuwa mama mfupi. Alimtazama Dada sikio, akamshika shingo taratibu.

"Kidonda kina muda gani?"

"Miezi minane, sista," Dada alijibu.

"Mafuta unapaka?"

Dada akajiweka sawa kwenye kiti. Hilo swali alikuwa analimudu. "Napaka kila siku. Sijawahi kukosa hata siku moja."

"Vizuri. Saa ngapi?"

"Jioni. Nikishaoga, kabla ya kulala."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Na asubuhi?"

"Mafuta ya mgando."

"Nani aliwaelekeza hivyo?"

Hakuna aliyenitazama. Mama aliangalia sakafu. Dada alishika mkono wa Bosi. Bora wangeninyooshea kidole.

"Mimi," nilisema. "Sikusubiri umalize kueleza."

Muuguzi hakunifokea. "Mwizi wenu ni jua," alisema. "Mwizi huyo anakuja mchana. Nyinyi mlinzi mmempa zamu ya usiku, wakati mwizi amelala."

Dada akacheka. "Kumbe miaka mitatu yote nimejikinga na jua la kitandani!" Alicheka peke yake. Halafu akajifunika uso kwa kanga.

Ilikuwa saratani ya ngozi. Hospitali kubwa walikata sehemu ya sikio. Wakakuta ugonjwa umeshaingia shingoni. Walimtibu kwa walichokuwa nacho. Daktari alimwambia Mama ukweli kwenye korido, watu wakipita na ndoo na vitanda. Mama aliitikia, "Ndiyo, daktari. Ndiyo, daktari," kama anayepokea oda ya nguo.

Dada akarudi nyumbani. Muuguzi alikuwa anapita kwetu kumsafisha kidonda. Siku moja Dada alimshika mkono.

"Sista, mimi imeshakuwa. Mfundishe huyu mdogo wangu. Nataka nisikie kwa masikio yangu." Akagusa bandeji yake. "Kwa sikio langu, basi."

Hakuna aliyecheka. Muuguzi akavuta stuli, akamkalisha Bosi mbele yake. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikaingia, nikakaa chini.

"Asubuhi kazi ni moja: kulinda," muuguzi alisema. "Nawa uso, jikaushe. Kama ngozi inakakamaa, paka losheni kidogo, iache iingie. Halafu mafuta ya kukinga jua, nusu saa kabla ya kutoka. Usipake kama unaonja chumvi. Paka ya kutosha. Wapi?"

"Usoni," Bosi alisema.

"Na masikio, mbele na nyuma. Na shingo, na kisogo, na mikono mpaka juu ya vidole. Midomo je?"

"Midomo pia?"

"Midomo nayo inaungua. Iko mafuta yake ya kukinga jua, nitakupa. Na ukikaa nje, rudia kila baada ya saa mbili. Ukitoka jasho au ukinawa, rudia."

Mama akauliza, "Na siku ya mawingu?"

"Paka. Miale ya jua inapita kwenye mawingu. Na mama, mafuta peke yake hayatoshi. Kwanza ni nguo: mikono mirefu, kofia pana ya kuzunguka pande zote, miwani ya jua. Na kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, awe kivulini kadiri mnavyoweza. Yale mashuka meupe yanarudisha jua usoni. Anayesimama katikati yake anaungua mara mbili."

Mama akatazama nje, kwenye kamba.

"Na mafuta ya mgando?" niliuliza.

"Yanalainisha tu. Hayazuii jua. Yawekeni usiku, huko ndiko kwao." Akamgeukia Bosi. "Usiku kazi ni nyingine. Ngozi imepigana mchana kutwa, sasa inajitengeneza. Osha kwanza mafuta ya mchana, na vumbi, na jasho. Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali. Usijisugue kama unafua soksi."

"Mimi soksi sizisugui. Nawaachia wao," Bosi alisema.

"Najua, wewe ni bosi. Jikaushe kwa kugusagusa. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando au losheni isiyo na manukato makali. Mafuta ya kujichubua, hapana. Usiku mafuta ya kukinga jua huyahitaji, yatunze kwa ajili ya kesho. Halafu mtu mmoja akukague. Masikio, shingo, mgongo. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, uvimbe, doa linalotoka damu, msimwagie unga wa kidonge. Leteni kwangu hata kama hakiumi."

"Mimi nilingoja kwanza kianze kuuma," Dada alisema.

Kuanzia hapo Dada ndiye aliyesimamia. Akiwa amelala kitandani, asubuhi alimwita Bosi. "Njoo nikuguse." Alipitisha vidole nyuma ya masikio ya mtoto, kama zamani alivyokagua mashuka. "Hapa umeruka. Rudi ukapake." Jioni alimgusa tena. Mimi na Mama tukachukua kazi ya kuanika. Bosi akapewa ya kukunja, barazani, kivulini.

Siku moja alirudi shule akaitupa kofia chini.

"Siivai! Wananiita uyoga!"

"Uyoga?" Dada akamwita karibu. "Uyoga unajua unaota wapi?"

"Kivulini."

"Na unanawiri. Kawaambie hivyo. Mimi niliota juani, nitazame."

Bosi alimtazama, akaiona bandeji, na shingo ilivyokuwa. Akainama akaokota kofia yake.

Jioni moja Mama na Bosi wakiwa nje, nikamwambia Dada, "Nisamehe."

Alinigeukia. "Nilikasirika," alisema. "Sitakudanganya. Kuna usiku nilikuwa nakusikia unakoroma, nikatamani nikumwagie maji." Akapumua. "Lakini hata mimi ningeweza kwenda mwenyewe nikauliza. Sote tulikutegemea wewe, na wewe ulitegemea miguu yako. Sasa ukienda kule, kaa mpaka wamalize kusema. Halafu uliza swali. Hata la kijinga."

Alifariki asubuhi ya Alhamisi. Mashuka yalikuwa kwenye mabeseni, yameshalowekwa. Hakuna aliyeyaanika. Yalikaa majini siku tatu mpaka yakanuka uvundo, na nyumba ya wageni haikutuma mtu kuuliza. Mama alikuja kuyafua yote upya, peke yake, mlango wa uani ukiwa umefungwa.

Mimi bado nafuata mafuta kliniki. Nakaa. Nauliza. Niliuliza kama mafuta yaliyopitwa na tarehe yanafaa. Hayafai. Niliuliza kama kuyaweka dirishani kuna ubaya. Upo, joto linayaharibu. Kuna watu kwenye foleni wananiona msumbufu. Siku moja kijana mmoja alichukua ya mdogo wake akataka kuondoka katikati ya maelezo. Nikamshika shati. "Kaa," nilimwambia. Akakaa.

Sasa imepita miaka miwili. Wiki iliyopita tulimpeleka Bosi kukaguliwa. Muuguzi aliwasha taa, akatazama masikio, mbele na nyuma. Akatazama kisogo, midomo, mgongo, mikono. Bosi alikuwa na madoa mawili ya jua ya zamani kwenye shingo. Muuguzi aliyatazama kwa kioo cha kukuzia, muda mrefu.

"Yamebaki yalivyokuwa," alisema. "Hakuna jipya. Ngozi yake ni nzuri. Mrudisheni baada ya miezi sita."

"Hakuna kitu kabisa?" Mama aliuliza.

"Hakuna, mama."

Mama akakaa kwenye kile kiti alichokalia Dada, akalia. Bosi alimpigapiga begani. "Mama, amesema hakuna. Si umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Ndiyo maana."

Tulitoka saa tisa alasiri, jua bado kali. Bosi alivaa kofia yake bila kuambiwa, akashuka ngazi. Barabara yote haikuwa na kivuli. Mama akazunguka akahamia upande wa pili, upande jua lilikokuwa, akatembea bega kwa bega na Bosi, kivuli chake kikimwangukia mtoto mpaka tukafika nyumbani.