Njia Mbili za Iwambi

Tarehe 9 Juni, mwaka 2094. Asubuhi hiyo Mbeya iliamkia baridi ya kung'ata masikio. Ukungu ulikuwa umeukalia mlima Loleza, na majani ya viazi yalikuwa meupe kwa umande ulioganda.

Ndani ya hospitali ya moyo ya Iwambi kulikuwa na joto. Muuguzi-chuma, mrefu kama mlango, aliinama juu ya kitanda cha Bibi Tusekile, akaigeuza pampu iliyousaidia moyo wake, kidogo tu, kama mpishi anayeongeza chumvi. Hakuwa na kumbukumbu mwilini mwake. Kila alichojua kuhusu wagonjwa alikiomba, mara nyingi katika kila pumzi, kutoka Ghala la Kumbukumbu lililochimbwa chini ya Loleza, nalo lilimjibu kupitia nyaya za mwanga.

Wageni kutoka wizarani walipiga makofi. Mhandisi Subilaga Mwaisumbe, aliyeuunganisha mfumo huo na ghala, hakupiga. Siku hiyo wauguzi wote wa wodi ile wangeondolewa, chuma kibaki peke yake na wagonjwa. Kilichosubiriwa ni neno lake la siri, la kuukabidhi mfumo.

"Haya, Mhandisi, tamka," alisema Mkurugenzi Ngailo. "Chai ya wageni inapoa."

"Sitamki, Mkurugenzi. Mambo mawili hayajakaa sawa."

"Ulishayasema kwenye kikao."

"Nayasema tena, maana kikaoni hawakuwapo wanaolala humu."

Moyoni aliomba: Ee Mungu, ulimi wangu usitetemeke. Kisha akawageukia wageni.

"Mtu akija kwenu hupiga hodi. Mwenyeji hujibu, na mgeni akiisikia sauti anayoijua, ndipo anaingia. Wauguzi-chuma wanapiga hodi kwa neno lao la siri, na ghala linawatambua. Lakini ghala lenyewe halitoi neno lake. Nililiweka, likaondolewa ili kazi iende haraka. Leo mwovu akijipenyeza katikati ya waya akasema yeye ndiye ghala, chuma hiki kitamwamini, na kitaugeuza moyo wa Bibi huyu kama atakavyotaka yeye."

Ngailo alicheka. "Nani atakuja Iwambi kudanganya mashine za wagonjwa? Na njia ni mbili. Moja ikikatika, nyingine inabeba. Umezichora mwenyewe!"

"Nilichora mbili. Mmejenga moja."

Bibi Tusekile aliinua kichwa. "Mbili zinakuwaje moja, mwanangu?"

"Bibi, zamani kwetu Unyakyusa, si mke wa mwana hakuruhusiwa kukutana na baba mkwe njiani?"

"Wee! Bibi yangu alijitupa kwenye migomba mzee alipokohoa tu, na mtungi wa maji kichwani!" Wauguzi wakaangua kicheko. "Ndiyo maana wakwe walikuwa na njia yao."

"Na kama njia ya mkwe na ya mzee zote zingevukia daraja moja?"

"Wangekutana darajani. Aibu tupu."

"Ndivyo ilivyo hapa. Nyaya zina majina mawili na zinatokea milango miwili, lakini zote zinavuka daraja la Nzovwe ndani ya bomba moja. Ya pili ilipaswa kuzungukia Itende. Daraja likiguswa, zinakufa pamoja."

"Maneno ya kijiweni!" Ngailo alifoka. "Mfumo umejaribiwa."

"Basi tuujaribu mbele ya wageni. Nifunge kituo cha nyaya pale darajani kwa dakika moja tu, na dada Lugano aishike pampu kwa mkono. Bibi akikubali."

"Funga," alisema Bibi Tusekile. "Nilishanuniwa na mume mwaka mzima nikaishi, sembuse bati hili dakika moja."

Mama aliyeongoza wageni wa wizara aliitikia kwa kichwa. Subilaga aligusa kibao chake.

Muuguzi-chuma aliganda vile vile alivyokuwa. Mkono ulibaki hewani, vidole wazi, macho yakiwaka kijani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mlio wa pampu ulianza kushuka. Lugano, muuguzi wa miaka mingi, aliukamata mpini wa pampu akaanza kusukuma, midomo ikihesabu. Dakika ilipokwisha, chuma kiliamka kikaendelea pale pale kilipoachia.

Lugano hakuuachia mpini. "Hivi ndivyo kilivyosimama siku ya Ipyana," alisema.

"Ipyana nani?" aliuliza yule mama wa wizara.

"Mwalimu wa Mbalizi. Siku ya majaribio, Aprili, sisi wauguzi tulitolewa nje. Tuliporudi tuliukuta mkono uko hewani hivi hivi, na mwalimu amekata roho, mwili umepoa. Tukaambiwa moyo wake ulichoka wenyewe."

Macho yote yalimwangukia Ngailo. Alijifuta uso, kisha akamsogelea Subilaga.

"Wapo wahandisi wengine wa kupewa neno na kutamka. Kesho hutakuwa na kibali."

Subilaga aliigeukia wodi nzima. Alishika ukingo wa kitanda, akapaza sauti hadi vitanda vya mwisho vimsikie.

"Kibali kichukue, Mkurugenzi. Lakini mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote mliolala na mliosimama, naahidi: neno langu halitatoka kinywani mwangu mpaka ghala liitikie hodi kwa neno lake lenyewe, na njia ya pili ipite Itende peke yake. Akitamka mwingine, nitakuja humu kama raia, nikae kando ya kitanda hiki zamu kwa zamu na Lugano, mkono juu ya mpini. Na yeyote atakayeniuliza mwalimu Ipyana alikufaje, nitamwambia."