Kijani cha Hodi

Yumna alimjua Didas kwa sababu ya waya. Ilikuwa Mwenge, ndani ya steshenari iliyojaa watu waliosukumana kutoa kopi, na yeye, katika abaya nyeusi yenye ukingo wa zambarau, alichomoa waya ukutani ili achaji simu yake.

"Sista, umeniua," sauti ikasema nyuma yake, taratibu kabisa.

Kijana mrefu, shati la drafti limepigwa pasi mpaka limesimama, alikuwa ameikumbatia kompyuta iliyozimika. Yumna akaomba radhi, akarudisha waya, na skrini ilipowaka akasoma bila kualikwa.

"Hii umeandika wewe? Mbona haieleweki?"

"Ni maelekezo ya mtambo wangu."

Akaeleza. Siku hizi kuna mawakala wa akili mnemba wanaoandika na kurekebisha programu za kompyuta wenyewe, bila mtu kukaa nao. Mtambo wake, aliouita Hodi, uliwabishia kila dakika kuwauliza hali zao. Kijani, hali nzuri. Nyekundu, wamekwama.

"Basi andika hivyohivyo," Yumna akasema. "Au nikuandikie mie, maana wewe utafukuza wateja."

Kazi ya wiki mbili ikachukua miezi mitatu, na sidhani kama kuna mwongozo mwingine uliohitaji simu nyingi kiasi kile.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Habari yako?"

"Nzuri. Yako?"

"Nzuri tu."

Daima nzuri tu. Didas alikuwa mtu wa Rombo, na kwao, kama kwetu sote, hata nyumba ikiwa na msiba salamu hujibiwa nzuri kwanza, kisha ndiyo hufuata "ila". Kwa Didas ile "ila" haikuwahi kufika.

Yumna alimpenda kiasi cha kufanya jambo la hatari. Alimshawishi kaka yake, Haroub, mwenye zahanati Buguruni, aijaribu Hodi. Haroub hakumjua Didas, wala hakulifurahia jina lile kwenye simu ya dada yake.

"Nakubali kwa neno lako," alisema. "Ikiharibika, sitaki kumsikia tena mtu huyo."

Dawa ya maji ya homa ya watoto iliyoletwa safari hiyo ilikuwa kali kuliko ya zamani, hivyo vipimo vya kunywa vya kila umri vilitakiwa vipunguzwe. Alhamisi mawakala wakaanza kuirekebisha orodha ya vipimo kwenye kompyuta ya zahanati, Hodi ikiwauliza hali.

Ijumaa saa saba mchana, siku ya kliniki ya watoto, Yumna alikuwa nyumbani Kinondoni akimalizia ukurasa wa mwisho wa mwongozo. Akaifungua orodha yenyewe kwa mtandao. Hodi ilikuwa kijani. Wakala alikuwa amejibu: naendelea vizuri. Lakini orodha iliguswa mara ya mwisho jana saa kumi. Watoto wa chini ya mwaka mmoja walikuwa na kipimo kipya, waliobaki wote cha zamani. Akampigia.

"Didas, habari?"

"Nzuri tu, mpenzi."

"Wakala amekwama tangu jana. Hodi inasema kijani."

Akamsikia Didas akibonyeza vitufe vya kompyuta harakaharaka.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilianza kuhisi Jumatatu, kwenye majaribio yangu. Hodi inamuuliza hali, naye anajibu vizuri bila kuitazama kazi. Nilidhani nitairekebisha kabla hujajua."

"Nimekuuliza habari kila siku tangu Jumatatu."

"Niliogopa utaniacha."

"Nimeandika 'kijani, endelea kutumia'. Nesi anaufuata mwongozo wangu, Didas."

Akakata. Haroub alikuwa msikitini, simu imezimwa. Ya mapokezi iliita bila kupokewa. Yumna akapanda bodaboda, na njia nzima alimwona mtoto asiyemjua akifungua mdomo kupokea kijiko.

Aliingia zahanati akihema. Vaileth, yule nesi, alisimama na chupa ya dawa mkononi, amefura. Mama mmoja alikuwa amempakata binti wa miaka mitatu. Kando ya kompyuta iliyozimwa alikuwa Didas, shati limelowa jasho, waya mkononi. Alikuwa amekuja mbio kutoka Temeke.

"Huyu kaingia hata salamu hana, kachomoa waya," Vaileth akasema. "Watu wanabishaga hodi kwanza."

"Umeshampa nani?" Yumna akauliza.

"Mmoja tu. Wa miezi minne."

Wa chini ya mwaka, basi kipimo chake kilikuwa kile kipya.

Ndipo Haroub akaingia, kanzu nyeupe, ametoka kuswali. "Asalaam aleikum. Habari zenu?"

Didas akauweka waya mezani, na Yumna akajua sasa itakuja ile nzuri tu.

"Shikamoo, kaka. Habari ni mbaya," Didas akasema. Akaeleza yote, pamoja na Jumatatu. "Dada yako aliandika nilichomwambia mie."

Haroub akamgeukia nesi. "Vaileth, mpigie mama wa yule mtoto."

Simu iliita, ikaita.

"Anasema mtoto mzima, daktari."

"Usimuulize kama ni mzima. Muulize amenyonya saa ngapi."

Alikuwa ananyonya wakati huohuo. Haroub akaketi, akajifuta uso kwa kofia yake. "Mtambo huo hautarudi hapa," akasema. Kuhusu mtu mwenyewe hakusema kitu, na Yumna aliogopa kuuliza.

Jioni Yumna aliufuta ule mstari wa mwongozo uliosema kijani, akaandika: Usimuulize wakala hali yake. Muulize amefanya nini, kisha fungua kazi ukaione. Alikaa na simu mkononi mpaka adhana ya magharibi ikapita, ndipo akapiga.

"Habari?"

Didas akavuta pumzi. "Mbaya. Nataka kuja kumwona baba yako, Yumna, na naogopa mno."

Yumna akaketi kitandani.

"Mie pia naogopa," akasema. "Endelea."