Kamba ya Kengele ya Kornelio

Mume wangu aliweka mkono juu ya Injili, akamtazama Akida Mbarouk machoni, akasema mwizi ni mimi.

Mimi, Felisita. Mkewe wa ndoa, wa pete, wa kanisani kabisa…

"Mnuseni mikono," akaongeza. "Kila asubuhi yuko kwa yule bibi. Kamba ikipotea kule, mtamuuliza nani?"

Watu wakacheka. Mikono yangu ilinuka kweli. Ukipiga makumbi ya nazi yaliyofukiwa miezi kwenye matope ya pwani, harufu yake haitoki hata ujisugue na mchanga.

Ngoja kwanza, wapenzi wasomaji. Huyu Kornelio hamjamjua.

Zama hizi za Mdachi tunaishi Mafia, upande wa Ras Mkumbi. Sote wawili tulikombolewa utumwani tukiwa wadogo, tukalelewa misheni kule Bara. Kornelio akapata usimamizi wa shamba la minazi la Mdachi, na padri akamkabidhi kuwasalisha vibarua Wakristo kila Jumapili.

Basi, mtu akavimba!

Jumapili analia machozi akisoma habari za Msamaria. Jumatatu anamtoa kibarua mwenye homa kitandani kwa fimbo.

"Mwito wangu ni kuhubiri," huniambia, huku anangoja nimchotee maji ya kuoga.

Mimi mwito wangu ulikuwa Bi Biubwa, jirani yetu. Mwislamu, mtumwa wa Mzee Shamte tangu utoto, na mkono wake wa kulia ulishapooza. Mzee Shamte alimwahidi mbele ya mashahidi: akitimiza mafungu kumi ya kamba, anamwandikia hati ya uhuru.

Mkono mmoja, mafungu kumi. Kwa hiyo mimi nilimpigia makumbi, yeye akasokota kwa mkono wa kushoto, juu ya paja la kushoto. Kamba zake zilijiviringa kinyume na za watu wote.

Siku ya kukabidhi, yakaonekana mafungu tisa. Mzee Shamte akamwita Akida. Askari wakapekua nyumba za jirani, na kwetu hawakupata kitu. Kornelio alipoona macho ya watu yanamgeukia, ndipo akaiomba Injili yake.

"Kifungo chake ni miezi sita, na mnyororo," Akida akaniambia. "Una neno?"

Kornelio akainamisha kichwa.

"Nitamwombea," akasema.

Jamani… ataniombea!

Nikaegemea nguzo ya kengele ya sala pale uani kwetu, nikashika kamba yake. Sikuwahi kuigusa kabla ya hapo. Kornelio alisema imeletwa na padri, na kwamba mwanamke hagusi kengele ya Bwana.

Vidole vyangu vikaijua kabla ya macho.

"Akida, njoo uitazame hii."

Mzee Shamte ndiye aliyetangulia. Akaigeuza mara mbili mkononi.

"Hii ya Biubwa. Hakuna mwingine anayesokota hivi."

Kornelio akaanza kutoka jasho. "Ilikuwa… kwa kazi ya Mungu, Akida."

"Ulimwibia mtumwa ili uite watu wakasali?" Akida akauliza.

Ukweli niuseme, nilifurahi. Nilitaka mnyororo ule uingie shingoni mwake, wala nisingemwombea.

Bi Biubwa akasimama, polepole.

"Akida, hapana mwizi hapa. Kamba nilimpa mwenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Nilisahau, bwanangu. Uzee."

"Basi mafungu ni tisa," Mzee Shamte akasema. "Na hati haiandikwi."

"Haiandikwi," Bi Biubwa akakubali.

Nilimfuata mpaka kwake kwa hasira.

"Mama, umemwokoa yule? Uhuru wako wote kwa yule?"

"Sikumwokoa yeye," akasema. "Mwezi mzima najua. Nyayo za viatu zilikuwa mlangoni pangu, na hapa nani mwingine avaaye viatu? Akifungwa, Mdachi atakutoa katika nyumba ile. Utakwenda wapi, mwanangu, huna ndugu kisiwani?"

Mwezi mzima nilijiona mwema, namsaidia bibi wa watu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinisitiri, na wala si Mkristo.

Jumapili asubuhi, Kornelio akiwa anachana ndevu, nilipanda juu ya kinu nikaifungua ile kamba. Nikaipeleka kwa Mzee Shamte, mashahidi wale wale wakiwepo.

"Shikamoo, mzee. Bi Biubwa alitupatia zawadi. Nasi tunamrudishia zawadi. Fungu la kumi hili."

Alinitazama sana. Kisha akaagiza wino.

Kornelio akanikuta pwani, mimi na Bi Biubwa tunapiga makumbi, yeye sasa kwa ajili yake mwenyewe. Joho limemlowa jasho. Alikuwa ameigonga kengele kwa jiwe na watu hawakuja.

"Kengele ya Bwana umeifanya nini?"

"Imelia tangu asubuhi," nikamjibu. "Wewe tu hukuisikia."

Akarudi kuzihubiria nguzo. Mpaka leo anahubiri habari za kusamehe, na anahubiri vizuri, simnyimi haki yake.

Ila ninyi, ndugu zangu, mkitaka kujua dini ya mtu, msihangaike kumsikiliza Jumapili. Mnuseni mikono Jumatatu.