Uvimbe Aliouficha Talib

Mvua ilianza asubuhi. Saada na mkwewe, Bi Mwatum, walikunja majamvi haraka na kuziingiza karafuu ndani. Talib, mume wa Saada, hakutoka kuwasaidia. Alikuwa amelala kitandani, magoti kayakunja.

"Mtoki tu huo," alisema Bi Mwatum. "Alichanwa na tawi mguuni. Mbona nishamkata."

Kijijini kwao Pujini, mtu akivimba kinena hutazamwa mguu kwanza. Kikionekana kidonda, watu husema ni mtoki. Mgonjwa hukanyaga mchanga, na mama mtu mzima huuzungushia mguu wake kisu. Huko ndiko kukata mtoki.

Lakini kidonda cha Talib kilipona, na uvimbe ukabaki. Ulitokeza alipobeba gunia, ukarudi ndani alipolala. Talib aliona haya. Alijifunga kitambaa chini ya kikoi, akaendelea kupanda mikarafuu na kuchuma. Saada alipouliza, alijibiwa anyamaze.

Leo uvimbe haukurudi. Ulikuwa mgumu, na uliuma sana. Talib alitapika tena na tena. Bi Mwatum alichukua mafuta ya nazi amkande. Saada alikimbia kwa jirani yao Nadhira, muuguzi wa kituo cha afya.

Nadhira aliutazama uvimbe.

"Bi Mwatum, usikande."

"Nimekanda watu wewe hujazaliwa."

"Najua, bibi. Hata mimi umenikanda. Lakini huu si mtoki. Hii ni ngiri. Nyama za tumbo zimelegea, utumbo umepenya. Sasa umebanwa, damu haipiti. Ukiusukuma, unaweza kupasuka. Tafuteni gari. Asile, wala asinywe hata maji."

"Mie siendi kuvuliwa nguo mbele ya watu," alisema Talib kwa sauti ndogo.

"Asipokuvua daktari, watakuvua waosha maiti," alisema Saada. "Chagua."

Talib alifumba macho. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

Bi Mwatum aliketi chini, chupa ya mafuta mkononi.

"Baba yake alikuwa na uvimbe kama huu," alisema. "Akatapika, tumbo likajaa. Sisi tukasema siku zake zimefika."

Saada alitoka mbio kutafuta gari.

Talib alipasuliwa siku ileile hospitalini Chake Chake. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekufa, kikakatwa. Saada alikaa kwenye benchi, kanga yake imelowa mvua. Nadhira alikaa naye.

"Kwa hiyo hakuna mtoki?" aliuliza Saada.

"Upo. Mguu ukiwa na kidonda, tezi za kinena huvimba. Kidonda kikitibiwa, nazo hupungua. Zisipopungua, au mtu akivimba bila kidonda, aende akapimwe. Na uvimbe unaotoka ukikohoa na kurudi ukilala, mara nyingi ni ngiri. Hata wanawake hupata. Ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi, au mtu akatapika, ni hospitali saa hiyohiyo."

"Angeniambia mapema," alisema Saada, akalia.

Talib alirudi nyumbani amekonda. Msimu ule hakuchuma tena. Karafuu nyingi zilichanua mtini, zikaharibika.

Msimu uliofuata, daktari alipomruhusu kufanya kazi, Talib alimwona mchumaji mwenzake, Hija, akikohoa huku amejishika kinena.

"Yakhe, hicho kivimbe, ukilala kinarudi?"

Hija aligeuka huku na huku. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nami nilikuwa nacho."

"Kinarudi."

"Basi nenda sasa, kingali kinarudi. Mie nilingoja, wakanikata utumbo."

"Hata mke wangu hajui."

"Wangu naye hakujua. Alijua nilipoanza kutapika."

Hija alilitua pakacha lake, karafuu zikiwa nusu.

"Nichumie huu mti," alisema. "Naenda kumwambia."

Hija alipasuliwa kabla utumbo haujabanwa. Baada ya siku chache alirudi nyumbani kwa miguu yake, mkewe ubavuni.