Alama Mbili Kwenye Vumbi Jekundu

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi Wiebke alifika klabuni kwa baiskeli, raketi mgongoni na mkate mdomoni. Alinyunyizia kiwanja maji, akafagia mistari mpaka ikang'aa. Viwanja vyetu hapa Uelzen ni vya vumbi la matofali, na vumbi hilo ni mbea: kila mpira unapodunda, linabaki na alama yake. Mimi nimepika jikoni mwa klabu miaka thelathini, vumbi hilo nimelila kuliko chumvi.

Kocha wake alikuwa Heike Tiedemann. Miaka kumi na minne Heike alicheza tenisi ya kulipwa, akazunguka dunia na masanduku mawili, akafika nafasi ya sitini na tatu kwa ubora. Alistaafu akarudi nyumbani na magoti ya ajuza. Mimi nina miaka sabini na sita, na kwenye ngazi namwacha nyuma.

Jumamosi ile Wiebke, mwenye miaka kumi na miwili, alipambana na Enna kutoka Lüneburg. Mshindi angeingia timu ya wilaya. Mechi za watoto hazina refa. Kila mchezaji huamua mipira inayoangukia upande wake.

Wiebke alikuwa mbele, michezo mitano kwa minne, akibakiza pointi moja tu ashinde. Enna akapiga mpira mrefu. Wiebke akasema, "Nje," na Enna akavuka wavu kuja kutazama alama.

Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Alama zilikuwa mbili, zote mbichi. Moja ililamba mstari, yaani ndani, ya pili ilikuwa nje kwa upana wa kidole. Wiebke alizitazama mpaka macho yakamcheza. Kisha kidole chake kikanyooka kuelekea ile ya nje. Enna akainua mabega, akampa mkono, akaenda zake ukumbini kula keki.

Mchezo ukiisha, wachezaji huburuta mkeka wa kusawazisha vumbi. Wiebke akaushika mkeka, akauweka chini, akaushika tena. Dirishani kwangu nilimwona anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikatoka kumwuliza kama mkeka umemng'ata.

Alinieleza, lakini maneno yalimtoka kama uzi uliofumuka. Akifumba macho anauona mpira mstarini. Akifumbua, anauona nje. Pengine alama moja ilikuwa ya zamani, lakini ipi? Rafiki zake walimwambia anyamaze, kwa kuwa ameshashinda. Ila fomu ya matokeo ilikuwa bado haijasainiwa. Nikamwambia sina shule ya kutosha kwa shauri hilo. Nikamwita Heike, ambaye naye hana, ila ana filimbi.

"Mpira ulitoka?" Heike akauliza.

"Sijui, kocha."

"Na uliponyoosha kidole, ulijua?"

Wiebke akachora vumbi kwa ncha ya kiatu. "Hata hapo sikujua."

Heike akakaa kwenye benchi. Akatusimulia habari ya picha kubwa ya ukumbini, ile anayoonekana ameinua mikono, ushindi wake mkubwa kuliko wote. Siku hiyo refa alishuka kitini akamwuliza alama ni ipi. Heike akaonyesha moja, hana hakika hata kidogo, na refa akamwamini. Tangu hapo hupita chini ya picha hiyo akitazama viatu vyake. Na mimi siku zote nilidhani ni magoti.

"Usipojua, mpira ni mzuri," akasema. "Pointi ni ya mwenzako."

"Na kama kweli ulitoka?"

"Utakuwa umempa bure. Hutajua kamwe. Mimi mwenyewe mpaka leo sijui."

Wiebke akaenda ukumbini. Alijieleza kwa kuzungukazunguka hivi kwamba Enna akadhani anashtakiwa.

"Yaani mimi nimekuibia?"

"Hapana, mimi ndiye nimekuibia. Labda."

"Labda?"

"Ndiyo hivyo. Turudi tucheze."

"Wewe una wazimu. Nimeshakula vipande viwili," Enna akasema, huku anafunga kamba za viatu.

Wakarudi, pointi ile akapewa Enna, wakawa sawa. Keki haikumlemea Enna: alishinda michezo saba kwa mitano, na nafasi ya timu ikawa yake. Wiebke alisaini fomu, akaja kulia nyuma ya jiko langu. Nikampa soseji. Akala huku analia, akamwambia Heike, aliyekuja nyuma yake, kwamba yeye mwenyewe hajielewi: ana huzuni, lakini kifua chake ni chepesi. Inawezekanaje?

Heike akamfuta haradali shavuni.

"Kuchanganyikiwa si kosa, mwanangu. Hata watu wazima tunachanganyikiwa kila siku. Kosa ni kuchanganyikiwa, halafu ukanyoosha kidole kama mtu anayejua."