Programu Iliyoogopa Uchachu

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Ayeley alikagua jiko la nyumbani kwao kama askari wa forodha. Alifunua sufuria, akahesabu ndizi, akawatazama samaki wa moshi waliobaki, kisha akaandika kila kitu kwenye simu ya kaka yake Sowah. Programu aliyoiunda mwenyewe ilimjibu kwa rangi. Kijani, kula kwa nafasi. Manjano, kula leo. Nyekundu, tupa. Aliiita Kisiharibike.

Nyumba thelathini na moja za mtaa wao pale Teshie zilikuwa zikiitumia. Watu walisema kwamba tangu ianze, nzi wa jalalani wamekonda, na wengine wamehamia Labadi kutafuta maisha. Ayeley alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, na alipita mtaani kidevu juu.

Lilikuwepo jambo moja alilolificha. Mwalimu Obodai, aliyewafundisha kompyuta na kumwandikisha kwenye mashindano ya shule za wilaya, alikuwa amemwagiza awazungukie wapishi ishirini wa hapo mtaani, awaulize kila chakula hudumu siku ngapi, kisha alete majina yao na majibu yao. Ayeley aliwafikia wawili. Wa kwanza alimtuma maji. Wa pili alimsimulia habari za goti lake mpaka jua likachoka. Basi akarudi nyumbani, akanakili jedwali zima kutoka kwenye tovuti moja ya nchi za baridi, akabuni majina kumi na manane, akampelekea mwalimu. Ndani ya jedwali lile mlikuwa na mstari ambao hata hakuusoma: "Unga uliokandwa, siku mbili. Ukichacha, tupa."

Ijumaa moja alirudi kutoka shuleni akakuta nyumba imechangamka. Mtoto mchanga wa Sowah alikuwa ametimiza siku saba. Kesho yake, siku ya nane, alfajiri, angetolewa nje na kupewa jina mbele ya ukoo. Siku hiyo haisogezwi, hata mvua inyeshe ya mawe. Wageni walikuwa wakija kutoka mbali, hata Ada, na mgeni wa Teshie huhesabu kwamba hajafika mahali mpaka ale kenki, yale madonge ya mahindi yaliyochachushwa, na samaki. Kwa ajili hiyo bibi yao, Bibi Afieye, alikuwa ameloweka mahindi tangu Jumapili, akayasagisha Jumanne, akakanda mabeseni mawili makubwa ya unga na kuyafunika ili yachache kwa siku tatu. Unga wa kenki usipochacha si kenki, ni ugali uliokosa bahati.

Mabeseni yote mawili yalikuwa yamefudikizwa uani, yameoshwa, yanametameta.

"Kaka, unga wa Bibi uko wapi?"

Sowah alikuwa anafagia. "Nimeutupa. Simu imewaka nyekundu mara tatu. Nilipofunua, ule uchachu ukanipiga ngumi ya pua. Nikasema, ukoo mzima uharishe kwenye sherehe ya mwanangu?"

"Lakini si unga wa kenki?"

"Nilisita kidogo. Ila nani wa kubishana na simu? Wewe ndiye uliyenifundisha. Nyekundu, tupa. Sasa unanikodolea macho ya nini?"

Nje ya ukuta, mbuzi wanne wa jirani walikuwa wamelala ubavu, wameshiba hata kupepesa macho kumewashinda.

Hapo hapo Bibi Afieye akaingia na furushi la maganda ya mahindi kichwani, maganda ya kufungia kenki. Akayaona mabeseni. Alilitua furushi taratibu, akakaa juu yake.

"Unga mpya unataka siku tatu," alisema. "Mtoto anataka jina kesho. Watu wa Ada nitawaambiaje? Watafune maganda?" Akamgeukia Sowah. "Ni wewe?"

Sowah aliinamisha kichwa. Ayeley angeweza kunyamaza, lawama ikaishia kwa kaka yake. Lakini alipomtazama yule bibi juu ya furushi lake, mabega yameshuka, maneno yalimtoka yenyewe.

"Ni mimi, Bibi. Siku za kwenye programu nimezinakili mahali. Wapishi sikuwauliza. Majina kumi na manane nimeyatunga."

"Ya watu gani?"

"Hawapo."

"Umezaa watu kumi na wanane ukawapa majina, na mimi huyu wangu mmoja wa kesho ananishinda."

Ayeley alilia. Katikati ya kulia akakumbuka kwamba Kisiharibike ilijua ni nyumba zipi zina unga. Alifungua simu ya kaka yake. Nyumba tisa zilikuwa na unga wa siku ya tatu, na zote zilikuwa nyekundu. Maana yake zilikuwa zinautupa wakati huo huo. Alijitwika beseni akatoka mbio.

Nyumba ya kwanza walikuwa wamekwisha kumwaga. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu alimkuta Mama Oyoe ameshika bakuli juu ya mtaro.

"Mama, usimwage, tafadhali. Unga ni mzima. Mimi ndiye mbovu."

Mama Oyoe alimsikiliza mpaka mwisho. "Kumbe simu yako imekuja kunitukana jikoni kwangu, na mimi na miaka yangu nikaitii. Shika. Na wewe tutaonana."

Alipomaliza nyumba ya tisa, unga haukufika hata nusu ya beseni moja. Ilikuwa saa kumi na nusu. Kenki hufungwa moja moja na huchemka kwa saa nyingi. Alikaa juu ya jiwe, hana nyumba nyingine ya kukimbilia. Ilibaki sehemu moja tu: njia panda, kwa Mama Shormeh muuza kenki, aliyekataa programu tangu siku ya kwanza.

Foleni ya wateja ilikuwa ndefu.

"Mama Shormeh, naomba unga uliochacha."

"Uliochacha? Simu imetoa ruhusa?" Foleni ikacheka. "Haya, eleza. Pandisha sauti, wa nyuma nao wana masikio."

Ayeley alieleza yote, tovuti na majina ya uongo, huku machozi yakimdondoka kidevuni. Kicheko kilikatika. Mama Shormeh alifunua pipa.

"Inama. Nusa. Huu umeoza?"

"Sijui, Mama."

"Hilo ndilo neno ulilotakiwa kuja nalo mwezi uliopita. Uliooza una ukungu wa rangi na unateleza mkononi. Huu una uchachu safi, unaita mate. Lete beseni."

Alilijaza mpaka juu, akamwongezea na ndoo. Jioni ile wanawake wanne walikaa uani kwa Bibi Afieye wakifunga kenki. Ayeley alifunga mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Alfajiri mtoto alipata jina lake, na mgeni mmoja wa Ada alikula kenki saba, akainuliwa na watu wawili.

Jumatatu Ayeley alikwenda kwa Mwalimu Obodai bila kuitwa, akamwambia yote. Mwalimu aliliondoa jina lake kwenye mashindano ya shule za wilaya.

"Nia yako ilikuwa njema," mwalimu alisema. "Lakini mtu anapofuata programu yako, amekukabidhi chakula cha watoto wake. Hana njia ya kujua ni namba ipi umeitafuta na ipi umeitunga. Kuwauliza wapishi ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Wewe ukaiacha kazi, ukapaka rangi."

"Naweza kuingia mashindano ya mwakani, Mwalimu?"

"Ya mwakani tutayaongea mwakani. Leo kuna nyumba thelathini na moja zenye simu inayozidanganya. Zima rangi zote. Halafu nenda kwa miguu, mlango kwa mlango, ukaulize."

Ayeley alizima rangi zote, akachukua daftari na kalamu, akatoka.